Hewa ya Ulanzi

Mume wangu alipofariki sikulia. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu lilisemwa sana, kwanza msibani, kisha kanisani, kisha sokoni Njombe kwenye meza za nyanya, na sioni haja ya kumficha msomaji jambo ambalo wauza nyanya wanalijua. Nilikuwa na ganzi. Nilikaa kwenye godoro pamoja na wanawake wenzangu, nikaitikia kila pole niliyopewa, nikala nilipoambiwa nile. Mama mkwe wangu alilia kwa niaba yetu sote wawili hadi sauti ikamkauka, akawa ananong'ona wiki nzima.

Baada ya matanga kilikaa kikao cha ukoo kugawa vitu vya dukani Makambako. Mume wangu aliuza spea za magari kando ya barabara kuu, mimi nashona hapa Njombe, na kwa miaka mingi tuliishi hivyo, yeye akipanda kuja nyumbani Jumamosi na kushuka Jumatatu alfajiri. Shemeji zangu waligawana jeki, spana, mizani na hata pazia la mlangoni. Tangi la samaki, lile la kioo lililokaa juu ya kaunta, hakuna aliyeligusa. Samaki wenyewe walishakufa mmojammoja wakati mwenye nao akiwa amelazwa. Kilichobaki ndani kilikuwa maji na mimea.

Zamani nilimtania sana kwa tangi lile. Nilimwambia wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unafuga maji. Alicheka tu akaendelea kukata majani yake kwa mkasi alioniibia. Mimea mingi alinunua kwa muuza samaki mmoja wa Dar es Salaam, na mmoja aliung'oa mwenyewe kwenye kijito siku aliyokuwa akirudi kutoka Matamba kupeleka gia boksi. Wiki moja kabla ya kulazwa aliipanda yote upya, shina kwa shina, mikono imevimba tayari. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho ninayoijua.

Kwa hiyo nilisema tangi nachukua mimi. Nilitaka mimea ile isife. Sikuwa na haja nyingine duniani wakati ule, na sisemi hivyo kwa kupamba. Hata chakula nilikuwa nakula kwa kukumbushwa.

Tulipunguza maji mpaka yakabaki ya kufunika kokoto, vijana wawili wakalibeba hadi kwenye pikapu, nami nikakaa nyuma nimelikumbatia kutoka Makambako mpaka Njombe. Upepo wa Makambako ulinipiga vumbi usoni. Dereva alisimama mara tatu kuuliza kama niko salama. Nilimjibu aangalie matuta.

Nyumbani nililiweka sebuleni kwenye meza iliyopata mwanga wa dirisha, juu yake nikafunga taa aliyokuwa akiitumia yeye. Nikajaza maji ya bomba. Wageni waliokuja kunipa pole walitafuta kwanza samaki. Walizunguka, wakachungulia nyuma ya majani, kisha wakaniuliza kwa sauti ya chini samaki wako wapi. Nikasema hakuna samaki. Basi wakatazamana. Mmoja aliniuliza kama majani hayo ni ya kula.

Hata mwezi haukuisha mimea ikaanza kuharibika. Yenye majani marefu ilipauka, ncha zikawa laini na nyepesi hadi nikaona vidole vyangu upande wa pili. Ile yenye majani mawilimawili ilidondosha ya chini. Juu ya yaliyobaki ukaota utando wa kahawia. Nilibadilisha maji, nikasafisha kioo, nikaacha taa ikiwaka muda mrefu zaidi. Utando ukazidi.

Namba ya muuza samaki ilikuwa kwenye simu ya marehemu. Nilimpigia nikamweleza. Alinipa pole ya msiba, kisha akauliza maswali ya kazi, jambo nililolipenda.

"Ndani kuna samaki wangapi?"

"Hakuna."

"Na yule bwana chupa yake ya sukari uliiona?"

Niliiona. Nilidhani uchafu, nikaitupa.

Akanieleza polepole, na maelezo yake nayakumbuka kuliko mahubiri ya mazishi. Mmea hujenga mwili wake kwa hewa ya kabonidayoksaidi. Wa shambani haujui shida hiyo, upepo unapita juu yake mchana kutwa. Wa majini unasubiri hewa hiyo ipenye ndani ya maji, nayo hupenya kwa uvivu mkubwa. Samaki wakiwemo, pumzi zao zinasaidia kidogo. Maji ya Makambako nayo yalikuwa na chokaa, nikakumbuka ukoko mweupe kwenye birika lake, na baadhi ya mimea hujua kujichotea mahitaji yake kwenye chokaa hiyo. Maji yangu ya Njombe ni mepesi, hayaachi ukoko wowote. Na mimi nikaongeza taa. Taa ni sawa na kumhimiza mtu alime huku humpi chakula.

"Mimea yako ina njaa ya hewa, mama," alisema.

Shuleni nilikariri kwamba kabonidayoksaidi ni hewa chafu tunayoitoa puani. Siku hizi maofisa wa misitu wanaiita hewa ukaa, na mikutanoni wanatuambia imezidi duniani. Ilikuwa imezidi kila mahali isipokuwa kwenye tangi langu.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Chupa ya plastiki, maji ya uvuguvugu, sukari, na hamira kidogo. Hamira ikila sukari inatoa hewa ile ile. Unatoboa kifuniko, unapitisha mpira mwembamba, unaziba kwa gundi, unaupeleka mpira kwenye chupa ya pili yenye maji ili povu libaki humo, kisha hewa safi inaingia kwenye tangi. Mpira nilinunua duka la dawa, mpira wa dripu, wenye kigurudumu cha kupunguza matone. Muuzaji aliuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia hajambo.

Nilikuwa nimekaa miezi mitatu hospitalini, kando ya kitanda cha mume wangu, nikihesabu matone kwenye mpira wa namna ile. Sasa nikawa nahesabu viputo. Ungetegemea moyo uniume. Haukuniuma. Nilirekebisha kigurudumu hadi kikatoka kiputo kimoja kila nikivuta pumzi, nikarudi kwenye cherehani.

Shida ikawa baridi. Hamira ya Njombe inalala. Mwezi wa Desemba mvua inanyesha, ukungu unaingia hadi uani, na chupa yangu ikawa inatoa kiputo kimoja baada ya muda wa kupiga pindo la sketi nzima. Niliivalisha sweta la shule lililokataliwa na mteja. Haikusaidia.

Hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu. Alikuwa anaishi nami tangu msiba, kwa sababu kwetu mjane haachwi peke yake nyumbani, hata kama mjane mwenyewe angependa kuachwa. Alitoka kijijini kwake Wanging'ombe na kifurushi kimoja na blanketi. Hatukuwa tumewahi kupendana sana, wala hatukugombana, tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda uani akalia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa Kibena, na mimi nikawasha mkaa nikichemsha chai huku namsikiliza. Akimaliza ananipima kwa macho kutoka juu hadi chini. Nilijua anachokitafuta usoni kwangu. Hakikuwapo.

Siku moja alisimama mbele ya ile chupa iliyovaa sweta.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza nilivyoelezwa. Aliinama akatazama kiputo kimoja kikisitasita mwisho wa mpira.

"Unataka kitu kinachochemka chenyewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na hapa tulipo unahangaika na hamira ya dukani?"

Ulikuwa msimu wa ulanzi. Mianzi michanga ilikuwa imekatwa vichwa huko kwao, vikombe vimefungwa, utomvu unadondoka usiku na mchana. Ukitoka asubuhi ni mtamu, watoto wanakunywa. Jioni umeshaanza kuuma ulimi, na kesho yake kifuniko cha dumu kinaruka. Haungoji hamira wala joto, umezaliwa kwenye baridi hii hii. Mama mkwe aligema ulanzi tangu msichana. Alituma neno kwa majirani waliokuwa wakija sokoni, na siku ya pili likafika dumu la lita tano.

Alinikataza kuligusa. Alimimina yeye mwenyewe kwenye chupa, akaacha nafasi ya povu, akanusa, akaongeza kidogo. Nilifunga mpira. Kabla chai haijapoa viputo vilikuwa vinafuatana vyenyewe, vingi hadi nikalazimika kubana kigurudumu. Mama mkwe alikunja mikono akatazama. "Kamwene," akaiamkia mimea, akaenda zake uani.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na kazi ya pamoja. Yeye alisimamia chupa, mimi nikasimamia tangi. Asubuhi taa ikiwaka natumbukiza mpira majini, jioni kabla ya kuzima nautoa, kwa sababu gizani mimea haili hewa hiyo, inaitoa kama sisi. Ulanzi ukichoka anaujua kwa harufu, anaumwaga, anaweka mpya. Uliochoka hakuumwaga wote, lakini hilo sikulifuatilia.

Baada ya wiki tatu niliona jambo. Ilikuwa mchana, nimetoka kwenye cherehani kunywa maji. Kwenye majani kulikuwa na viputo vidogo sana, vimejipanga ukingoni, na kimoja kimoja kiliachia kikapanda juu. Muuza samaki alishaniambia kwamba mmea ukishiba unatoa hewa nzuri mpaka unaiona kwa macho. Ncha mpya zilikuwa za kijani kibichi, na ule wa Matamba ulikuwa umetoa tawi. Nilisimama hadi shingo ikaniuma. Sikufurahi, nisiseme uongo. Lakini nilijua kwamba mtu mwingine mwenye akili timamu angefurahi, na huko nyuma hata hilo nilikuwa silijui.

Sebule ikawa inanuka kilabu. Wanawake wa kanisani walikuja kuniombea, wakaona chupa mbili, dumu kando, na mjane. Nilieleza habari ya kabonidayoksaidi. Mwinjilisti waliyekuja naye alitikisa kichwa kwa huruma nyingi, akaomba sala ndefu juu ya wale wanaotafuta faraja mahali pasipofaa, jicho moja likiwa kwenye dumu. Mama mkwe aliitikia amina kubwa kuliko wote.

Ikafika Jumapili moja ya mwezi Februari. Mama mkwe alisema mguu unamsumbua, nikaenda kanisani peke yangu. Niliporudi nilimkuta amekaa mbele ya tangi kwenye kiti changu cha cherehani, amejitanda khanga yake nzuri, kikombe kitupu mkononi. Dumu lilikuwa jepesi. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na mimea sikuiona.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewapa," alisema bila wasiwasi. "Miezi yote hii unawanusisha tu. Nani anashiba harufu? Nimewapa wenyewe wanywe. Na yeye nimempa."

Nilielewa. Wazee wetu humimina kidogo chini kwa ajili ya aliyetangulia, na mchungaji hapendi, ndiyo maana mguu uliuma siku ya Jumapili. Kaburi la mwanawe lilikuwa mbali na mvua zilikuwa nyingi. Kazi ya mikono ya mwanawe ilikuwa pale sebuleni, inakula ulanzi kila siku kwa mpira wa dripu. Akamimina lita mbili nzima.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, waulize wateja wanaobadilisha vipimo nguo ikiwa imeshakatwa. Nilingoja hasira. Haikuja. Nilivua viatu vya kanisani, nikachukua mpira mrefu na ndoo nikaanza kuyatoa yale maji. Muuza samaki hakupokea simu. Sukari ile ingeoza ndani na kumaliza hewa yote, hilo nilijua, kwa hiyo nilitoa maji karibu yote nikajaza ya bomba, moja kwa moja, ya baridi ile ya Njombe inayouma mifupa ya vidole. Nikatoa tena, nikajaza tena. Mama mkwe alisimama nyuma yangu na khanga yake nzuri. Taratibu alianza kuelewa kwamba hili halikuwa jambo la shukrani.

Jumatatu majani yalikuwa yamelegea. Jumanne yakawa yanayeyuka, ukiyagusa yanabaki kidoleni. Muuza samaki alipopatikana alisema huenda ni ulanzi na huenda ni maji baridi niliyomimina kwa pupa, mimea ya mwenzangu haikuzoea kutikiswa hivyo. Hakuweza kusema ni kipi. Hata mimi leo siwezi.

Alhamisi nilitoa kila kitu. Mama mkwe alinishikia ndoo. Asubuhi zote nne zile hakulia uani. Niliingiza mikono majini na kuvuta shina moja baada ya jingine, na kwenye kila shina, chini ndani ya kokoto, kulikuwa na nati ndogo ya gari iliyofungwa kwa uzi. Uzi wangu, ule wa bluu wa sare za shule. Alikuwa amefunga kila mmea kwa nati ili usielee. Mashina yalikuwa yameoza yakachomoka, na vitanzi vya uzi vimebaki vimekaza bila kitu ndani. Niliziweka zile nati kwenye gazeti. Zilifika kumi na saba, nikawa bado nahesabu tu, sisikii kitu.

"Kwa nini hunigombezi?" aliuliza.

"Sina nguvu, mama. Na mimi nilimimina maji ya baridi. Tumeiua wote."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye viwiko vyangu.

"Hata hospitali nilimpa," alisema.

Nikageuka.

"Ile siku uliyokwenda kufua. Niliingiza kwenye chupa ya uji. Daktari alikataza, najua, hata wewe ulikataza. Lakini aliniomba. Aliniambia mama, nina hamu ya ulanzi. Nikampa kikombe kimoja. Baada ya siku tatu akaondoka." Aliishika ndoo kwa mikono miwili. "Tangu hapo kila nikilia nasema labda mimi. Na wewe ulikuwa hulii, nikasema huyu anajua, ananingoja niseme."

Sikujua. Figo zake zilikuwa zimeshakataa wiki mbili kabla ya kikombe hicho, na daktari alishaniita pembeni akaniambia nijiandae. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia. Kisha nikauliza kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Alikunywa?"

"Chote."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alicheka."

Miezi mitatu nilikaa kando ya kile kitanda. Nilimgeuza, nilimlisha, nilimwosha, nilihesabu matone, na katika miezi yote mitatu hakucheka hata siku moja mbele yangu. Nilidhani kicheko chake nilikwisha kukisikia mara ya mwisho dukani Makambako, siku fulani ambayo hata siikumbuki, kwa jambo la kijinga. Kumbe kilikuwapo kingine, nami nilikuwa nje kwenye karo nafua mashuka.

"Alicheka vipi?" nikamuuliza.

Mama mkwe wangu aliweka ndoo chini. Alifuta mikono kwenye khanga, akatafuta kidogo usoni kwake mwenyewe, kisha akacheka: mara moja, kwa puani, bega la kushoto likipanda. Alikuwa yeye hasa.

Ndipo nilipolia.